Mtalawanda Mmoja wa Siyu

Nilikwenda Lamu kwa sababu chuo kilitaka miezi mitatu ya mazoezi ya kazi. Mama yangu, huko Nakuru, aliwatangazia majirani kwamba ninakwenda "kusimamia makumbusho". Nilipofika nilipewa brashi laini, glavu za pamba na kabati moja.

Makumbusho yenyewe ni nyumba ya kale ya mawe, yenye vidaka vya kuwekea vyombo ukutani na ngazi zilizonitesa magoti wiki nzima. Bi Zuhura, mtunzaji wa vyombo, alinipa daftari la orodha nilinganishe kila kitu na maandishi yake. Siku ya nne nilikwama. Daftari lilisema: "Mitalawanda, jozi moja, imetolewa na Bi Khadija wa Siyu." Kabatini kulikuwa na kiatu kimoja tu cha mti, cha kuvaliwa msalani.

"Wa pili uko wapi?" Bi Zuhura aliniuliza.

"Sijauona, Bi."

"Na kabati umelifungua wewe peke yako."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza! Ripoti yangu ya chuo ingeandikwa na yeye, na tayari nililiona neno "amepoteza" likinikodolea macho. Nikaomba ruhusa nimtafute Bi Khadija mwenyewe, kama yu hai.

Jumatano asubuhi nilipanda boti ya abiria. Tulipoukaribia mkono wa bahari unaoingia Siyu, maji yalikuwa yamekupwa, tukashushwa penye mikoko tumalizie kwa miguu. Wenzangu wote walivua viatu. Mimi, mjuaji wa bara, sikuvua. Hatua ya sita tope likaimeza raba yangu moja, na tulivyoichimbua wee, haikuonekana.

Karibu na adhuhuri nilipiga hodi kwa Bi Khadija nikichechemea. Alikuwa bibi mwembamba, mkavu wa maneno. Aliitikia shikamoo yangu, nikamwambia nimetoka makumbusho ya Lamu, naye akaitazama miguu yangu.

"Umetoka makumbusho, na kiatu kimoja! Pita msalani ukanawe, mwanangu. Mai yamo birikani. Vyatu viko mlangoni."

Mlangoni mwa msalani palikuwa na ndara moja ya plastiki, ya buluu. Kando yake, mtalawanda. Msuruaki uleule, kile kijiti cha kushikiwa na vidole, nakshi ileile pembeni. Niliivaa jozi hiyo ya ajabu, mguu mmoja juu, mmoja chini, nikatoka mbio na povu la sabuni hadi magotini.

"Bi! Huu ndio wa pili! Daftari linasema uliwapa yote miwili!"

"Daftari laongopa. Niliwapa mmoja."

"Kwa nini mmoja?"

Alivuta ukaya wake kichwani. "Marehemu mume wangu aliichonga kwa mkono wake, nikaivaa siku za fungate. Bwana wa makumbusho alipokuja aliahidi kurudi aniambie umewekwa wapi. Nikasema moyoni, nikimpa mmoja, atarudi kuutaka wa pili. Hakurudi yeye, hakurudi mwingine. Wewe ndiwe wa kwanza."

Nilikuwa nimekwenda kujitetea. Sasa nilijikuta naomba radhi kwa niaba ya watu nisiowajua. Nikamwambia kiatu chake kiko salama, ila kimefungiwa kabatini.

"Kabatini? Basi nitakwenda kukitazama kwa mato yangu."

Alhamisi, maji yalipojaa, tulirudi Lamu pamoja, yeye na mtalawanda wake ndani ya kanga, mimi na kandambili za kuazima. Bi Zuhura alitupokea mlangoni. Aliposikia habari yote alinigeukia, akasema, "Nilikudhania vibaya, binti yangu," akaenda mwenyewe kufungua kabati.

Bi Khadija alikiweka kiatu chake kando ya mwenzake. Akaviangalia muda mrefu, akacheka peke yake, wala hakutueleza alichokumbuka. Kisha akakirudisha chake ndani ya kanga.

"Si utatuachia, Bi?" aliuliza Bi Zuhura.

"Nikakoge na nini? Mkiutaka, ndia mwaiyua." Kweli, njia ya kwake sasa tuliijua.

Jioni hiyo nilisahihisha daftari: mtalawanda mmoja, wa pili uko Siyu kwa mwenyewe, unatumika. Nilikwenda Lamu nikidhani kazi ya makumbusho ni kuvitunza vitu visipotee. Nimerudi Nakuru nikijua kwamba aliyetoa kitu chake naye hukaa akisubiri habari zake, na kwamba kumpelekea habari hizo ni sehemu ya kazi.