Kuku wa Nje ya Kadi

Neno la kwanza nililolisoma peke yangu maishani lilikuwa jina la supu. Baba yangu alikuwa mpishi katika meli ya abiria iliyozunguka ziwa kutoka Kisumu, na siku moja alituletea nyumbani, Lurambi, kadi ya chakula iliyochafuka kwa tone la mchuzi. Mimi shule nilikuwa nimeiacha mapema, karo ilipokosekana. Nikaichukua kadi ile, nikakaa nayo chini ya dari ya jiko, nikailazimisha inifundishe. Sijui kama niliwahi kupenda kitu chochote kilichoandikwa kama nilivyopenda ile kadi.

Mstari wa mwisho ndio uliompendeza baba. Ulisema kwamba abiria akitaka chakula kisichokuwa kwenye kadi, amwarifu mkuu wa wahudumu siku moja kabla. Baba alisema kazi yake yote imo katika mstari huo. Vya kwenye kadi mtu yeyote angeweza kuvipika. Lakini kulikuwa na mzungu aliyetaka yai ambalo ute wake umeshikana huku kiini bado kinatembea, bibi wa Kihindi ambaye harufu ya kitunguu ilimfukuza mezani, na mfanyabiashara wa Mumias ambaye hakumgusa kuku mpaka ameshuka mwenyewe kushuhudia anachinjwa vipi. Hao ndio aliotusimulia.

Alipokuwa likizoni alitundika kitambaa mkononi, akaja kusimama mbele yangu nilipokaa kwenye ngozi ya mbuzi.

"Bwana mkubwa, leo utakula cha kwenye kadi au nje ya kadi?"

Cha kwenye kadi kilikuwa obusuma, yaani ugali, na kunde. Nami kila mara nilijibu, "Nje ya kadi." Kisha niliweka kidole mdomoni, nikafikiri. Niliagiza mambo magumu makusudi: ndizi isiyokuwa mbivu wala mbichi, uji wenye ladha ya moshi, viazi vilivyokatwa kama nyota. Naye aliinama, akaitikia, "Vyema, bwana," akaingia jikoni kweli. Jirani zetu walichungulia juu ya ua, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mama naye aliwaunga mkono.

"Mwanamume anakaa jikoni utadhani ndiye aliyeolewa hapa!"

"Niache, mama watoto. Mgeni wangu ana njaa."

Sijawahi tena kuulizwa ninataka kula nini.

Kwetu firigisi ya kuku, ambayo tunaiita imondo, ni ya mwenye nyumba. Mke haili, mtoto haili, na mgeni anayepewa huwa ameheshimiwa sana. Kuku akichinjwa nyumbani huku baba yuko ziwani, mama aliitoa firigisi, akaisafisha, akaitunga kwenye kijiti na kukichomeka juu ya mafiga, mahali moshi unapopita. Ikakauka hapo ikimngoja. Baba akirudi, mama aliichemsha taratibu mpaka ikalainika, akamwekea kwenye kibakuli chake peke yake.

Likizo zake zikaanza kuachana kwa miezi mingi. Kwanza alituma sukari na kitambaa kwa mkono wa wafanyakazi wenzake, halafu hata sukari ikakoma. Mwaka wa uhuru nilikuwa na hakika atakuja, kwa sababu niliamini hakuna mtu ambaye hatakuwa kwao siku kama ile. Tulichinja jogoo. Watu waliimba barabarani mpaka sauti zikawakauka, na mimi nilisimama kwenye njia panda nikitazama kila kofia nyeupe. Jioni mama aliongeza firigisi nyingine kwenye kijiti. Zilikuwa zimepangana pale, nyeusi, ngumu kama kokwa.

Baba mdogo, ndugu yake baba, alikuwa na desturi ya kupita kwetu saa za chakula.

"Shemeji, hiyo nyama unawekeanga nani? Panya?"

"Namwekea mwenyewe."

"Mwenyewe anakulanga meza ya wazungu. Nipe mimi. Mimi ndiye niko."

"Wewe una nyumba yako na kuku wako."

Alicheka, lakini macho yake hayakutoka juu ya mafiga. Sote tulijua si nyama aliyoitaka. Siku ambayo mama angemwekea firigisi ile, yeye angekuwa mwenye nyumba yetu, na shamba letu la kando ya mto lingepata msemaji mwingine. Kila alipoondoka nilizihesabu firigisi upya. Mimi ni mtu wa wasiwasi, sifichi. Wakati huo nilikuwa karani katika ghala la mahindi mjini Kakamega, na nilikuwa naandika upya karatasi nzima kwa sababu ya nukta moja iliyovuja wino. Lakini kitu kimoja kilichokuwa kimeharibika nyumbani sikujua nikiandike upya vipi.

Ndipo nikapata wazo langu. Baada ya uhuru, mtu yeyote mwenye tiketi angeweza kuketi katika chumba cha kulia cha juu. Ningepanda meli ya baba bila kumwarifu. Ningeagiza nje ya kadi. Angelitambua agizo langu kwa jinsi lilivyo, angetoka jikoni na kitambaa mkononi, angeniona, na baada ya hapo asingeweza kukaa tena bila kuja nyumbani. Ndivyo nilivyopanga, hatua kwa hatua. Katika mpango wangu baba alikuwa hana la kufanya ila kufurahi.

Nilijinyima mpaka nikapata nauli. Nilinunua uma na kisu, nikafanya mazoezi kwa viazi vitamu. Asubuhi, nikitoka chumba nilichopanga Shirere kwenda kazini, nilikariri maneno ya kuagiza kwa sauti katikati ya mahindi. Mama mmoja mwenye kuni kichwani akanisimamisha.

"Unaongea na nani, kijana?"

"Na mpishi."

"Basi mwambie na mimi nina njaa."

Mama yangu nilimdanganya kwamba nimetumwa Kisumu kikazi. Alinifungia viazi, akanisindikiza mpaka barabarani. Basi lilipokaribia alisema, "Ukikutana na mtu yeyote, mwambie mwaka huu mvua ni nzuri."

Melini, mkuu wa wahudumu alikuwa mtu wa pwani, mwenye masharubu ya mvi na viatu vilivyong'aa. Nilingoja mpaka abiria wengine wameinuka.

"Naomba chakula cha kesho usiku, nje ya kadi," nikasema. "Kuku wa kienyeji. Ababuliwe kwa majani makavu ya mgomba, achemshwe bila kitunguu wala nyanya. Na obusuma wa wimbi."

Alinitazama kuanzia kola mpaka soksi.

"Bwana mdogo, wewe u mgonjwa?"

"Hapana."

"Mambo ya dini?"

"Hapana."

"Mpishi ataniuliza sababu, nami sitaki kutukanwa."

"Mwambie ndivyo anavyopika mama yangu."

"Kwenu wapi?"

"Kakamega."

Hakuuliza tena. Asubuhi, akinimiminia chai, aliinama sikioni mwangu.

"Ehe, umenitia mashakani. Mpishi kaniuliza, huyo aliyeagiza ni mzee au kijana? Nikamwambia kijana. Akauliza, anashika kikombe kwa mkono gani? Nikamwambia wa kushoto."

"Halafu?"

"Halafu akavunja sahani."

Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Alikuwa amejua! Nilikaa nikitazama mlango wa jikoni, wenye dirisha la duara, mpaka chai ikapoa. Hakutoka. Nikajiambia ana kazi. Nikajiambia anataka kunipikia kwanza, atoke na sahani, kama zamani.

Mchana tulitia nanga Bukoba. Niliegemea ukingo wa meli nikitazama watu wakishusha mizigo, ndipo nikamwona. Nilimjua kwa mgongo. Alikuwa amepungua, na mguu mmoja aliuburuta kidogo, lakini kofia aliivaa upande vilevile. Alivuka gati mpaka penye kivuli cha ghala, ambako mwanamke alikuwa anamngoja na kuku kwapani na kifurushi cha majani makavu ya mgomba. Basi majani yangu yalitoka hapo; lazima alimwagizia kwa simu ya upepo ya meli. Msichana mdogo akachomoka nyuma ya mwanamke yule, akamrukia baba mguuni. Baba akavua kofia, akamvika. Kisha akavua aproni, akaitundika mkononi, akainama mbele yake.

Nilikuwa mbali, sikusikia kitu. Msichana aliweka kidole mdomoni, akafikiri.

Niseme nini? Sikumchukia mtoto yule. Nilitamani tu awe mimi. Nilikuwa mtu mzima mwenye tai shingoni, niliyenunua uma kwa ajili ya siku hiyo, na nilimwonea wivu mtoto wa miaka minne au mitano kwa sababu ya swali moja.

Usiku niliingia chumba cha kulia kwanza kuliko wote. Mkuu wa wahudumu aliniletea sahani iliyofunikwa, na alipoinua kifuniko harufu ya majani yaliyoungua ikanipiga usoni, nikawa niko jikoni kwetu, mvua inanyesha nje, mama anapuliza moto. Kuku alikuwa kama ninavyomjua. Juu ya vipande vyote, peke yake, ilikaa firigisi.

"Mpishi anasema kipande cha juu ni chako," mkuu wa wahudumu alisema, akitazama ukutani kama mtu aliyekariri. "Anasema usimwekee mtu tena."

"Mwenyewe haji?"

"Anasema jikoni kuna kazi."

Nilitazama dirisha la duara. Kofia nyeupe ilikuwa imesimama pale, kisha haikuwapo.

Ule mlango haukuwa na kufuli. Ningeweza kuusukuma. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu, hata jinsi ya kukunja kitambaa cha mezani, isipokuwa kwa hilo. Niliogopa kwamba nikimfuata atanijibu kwa mdomo, na jibu la mdomo lingekuwa wazi kuliko la sahani. Hili la sahani lilinitosha. Mtu wa kwetu hampi mwanawe firigisi akiwa yeye mwenyewe bado ana nyumba hapo.

Niliweka uma kando, nikala kuku kwa mkono mpaka mifupa. Firigisi sikuigusa. Niliomba chumvi, nikaipaka, nikaifunga katika kitambaa. Mkuu wa wahudumu aliniona, akageuka upande mwingine. Siku zote zilizobaki mpaka Kisumu, chakula kilikuja cha kwenye kadi.

Mama alikuwa anachambua kunde nilipofika. Nilikifungua kitambaa mbele yake, nikakiweka juu ya kinu. Alijipangusa mikono, akaigusa firigisi kwa kidole kimoja.

"Amenenepa?"

"Amekonda. Mguu unamsumbua."

"Ana mtoto?"

Sikutaka kusema. "Ndiyo."

"Wa kiume?"

"Wa kike."

"Anakula vizuri, huyo mtoto?"

"Naona anakula vizuri."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitarajia. Nikamwambia kwamba sikupata nafasi ya kumweleza habari za mvua. Akasema haidhuru, itakuwa ilinyesha na huko. Kisha aliosha sufuria ndogo, akaichemsha firigisi taratibu, kama alivyofanya siku zote, na alipoitoa akaiweka katika kibakuli cha baba. Akavuta kigoda cha baba, ambacho sisi hatukukikalia.

"Kaa."

"Mama, siwezi."

"Umeiagiza mwenyewe. Kula."

Nilikaa. Nilikula polepole, naye alisimama akinitazama mpaka nikamaliza. Halafu akanyoosha mkono juu ya mafiga, akakichomoa kijiti na firigisi zake zote, akakitia motoni. Ziliungua kwa moto mdogo wa buluu na harufu ya mafuta ya zamani. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia.

Jumapili baba mdogo alipita, kama kawaida yake, akakuta kuku mezani na firigisi kwenye sahani yangu. Alitazama juu ya mafiga, akaona hakuna kijiti. Alikula shingo, akashukuru, akaenda zake, na habari za shamba hakuzitaja tena.

Sasa mama hunipakulia mimi kwanza. Nimezoea kigoda, na mambo ya nyumba huniuliza. Kitu kimoja sijakizoea. Akishaweka sahani mbele yangu, huwa sinawi mara moja. Nakaa kidogo, mikono magotini, nikitazama mlango wa jiko, na agizo langu ninalo tayari mdomoni.