Picha za Mboga kwa Mama Mkwe

Kwa miezi minne nilimdanganya mama mkwe wangu kwa mchicha. Kila Jumapili nilipanda paani, nikapiga picha ya mboga za mke wangu, nikaituma Njombe, na kule mama wa watu akaamini kwamba binti yake yu mzima na bado ana nguvu za kulima. Binti yake alikuwa amekufa.

Mama mkwe ana masikio mazito. Simu ya kuongea haimfai, ukimpigia anapaza sauti "Halo! Halo!" mpaka wewe mwenyewe unachoka. Ndiyo maana mke wangu alimzoesha picha. Kila Jumapili baada ya ibada, saa tisa alasiri huku Guangzhou, China, saa nne asubuhi kule kwao, alituma picha moja ya bustani kwenye simu ya mdogo wake, shemeji yangu, anayeishi na mama. Mama anaitazama weee, halafu anatoa hukumu na shemeji anaiandika: punguza maji, hiyo pilipili ina utitiri, nani kakufundisha kubananisha mnafu namna hiyo. Wale wawili walipendana kwa kukosoana, na mimi niliyekuwa pembeni nilicheka.

Jengo letu liko nyuma ya mtaa wa Dengfeng, ghorofa nane, halina lifti, na juu kuna paa bapa ambalo kila mpangaji amejimegea kipande. Mke wangu alikusanya yale maboksi meupe ya povu ambayo wauza samaki hutupa sokoni jioni. Akayatoboa chini kwa bisibisi, akayajaza udongo aliopandisha kwa mifuko, ngazi kwa ngazi. Mchicha, mnafu, matembele, giligilani, mchaichai, pilipili kichaa. Nilimtania: matembele yamejaa hapo chini sokoni, Wachina nao wanayala, unajitesa nini? "Hayo ni matembele yao," akanijibu, kana kwamba nimemwuliza kwa nini havai viatu vya jirani. Mimi kazi yangu ni mizigo. Wateja wananunua, mimi napima, nafunga, napakia. Mboga nilizijua zikiwa sahanini.

Kichwa kilimuuma Jumanne. Alhamisi hakuwepo. Sina maelezo marefu kuliko hayo, na waliokuja kunidai maelezo marefu waliniudhi. Kusafirisha mwili kulishindikana. Makaratasi yalikuwa mengi, na michango ya Watanzania wenzetu, Mungu awabariki, iliishia njiani. Akachomwa. Naliandika neno hilo kwa sababu kwao hakuna aliyeweza kulitamka. Kaka yake mkubwa aliponipigia alisema, "Mama ana presha, shem. Asiambiwe kitu mpaka utakapokuja na... na hiyo." Kwao mtu anazikwa, kila mmoja anatupia udongo wake, na kesho yake mama anajua mwanawe amelala wapi. "Utamwambia wewe mwenyewe ukifika," akasema. Nikasema sawa. Wiki ile nilisema sawa kwa kila kitu.

Sikulia. Sijisifu, kilio hakikuja tu. Nilikuwa kama mguu ulioukalia vibaya: unaugonga, unajua ni wako, haukujibu. Siku ya tatu nikarudi ofisini Xiaobei, na mteja wangu mmoja akaja, akanishika mkono kwa mikono yote miwili.

"Pole sana bro, pole na msiba wa shem. Kazi ya Mungu haina makosa." Akaniachia mkono. "Sasa zile bags zangu za Shiling, laoban wa kiwanda kasema meiyou, hakuna mpaka next week. Container inaload lini kwani?"

Nikamwambia Ijumaa ya wiki inayofuata. Wenzangu walimkasirikia kwa niaba yangu, mmoja akasema mtu huyu hana haya hata chembe. Mimi nilimshukuru moyoni. Alikuwa ameniuliza kitu ambacho jibu lake nilikuwa nalo.

Jumapili mbili zikapita, shemeji akaniandikia: "Shem, mama anauliza mbona picha haziji. Amekataa chai. Nimwambie nini?" Nikachukua simu ya marehemu, nikapanda paani.

Nilitegemea kukuta mboga zimekauka. Hazikukauka. Bibi mmoja wa Kichina wa ghorofa ya saba, ambaye maboksi yake yanapakana na yetu, alikuwa akizimwagilia. Aliniona, akanitazama toka viatuni mpaka utosini, akanipa kata. Hatuna lugha ya pamoja, mimi na yeye. Hata Kichina changu cha sokoni hakimfai, maana yeye ni wa Kikantoni. Hakunipa pole wala hakunishika mkono. Siku iliyofuata aliponikuta namwaga maji saa sita mchana, jua likiwa utosini, alinipokonya ile kata akanifokea kama mtoto, akanionyesha jua, akanionyesha majani, akanionyesha kichwa changu na kukitikisia kidole. Baadaye akaniletea ndoo ya mashudu ya karanga yaliyovundikwa majini. Yananuka hata Mungu anageuza uso, lakini mnafu uliyanywa ukanenepa.

Basi nikatuma picha, nikaandika chini yake kwa namna alivyokuwa akiandika yeye: "Mama, mvua imezidi huku." Ikaja hukumu: inua maboksi yasituame. Nikayainua juu ya matofali. Jumapili nyingine: ng'oa magugu kwenye giligilani. Nikayang'oa. Nilipunguza mnafu, nikafunga pilipili kwenye vijiti. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu ilikuwa inastawi. Nikisema ukweli, nilianza kuzingoja zile hukumu. Jumatatu mpaka Jumamosi nilikwenda kazini, nikala, nikalala, sikusikia chumvi wala sukari. Jumapili kuna mtu alikuwa ananigombeza, na kwa ile nusu saa nilijua la kufanya. Tiketi ya kwenda nyumbani niliiahirisha mara mbili. Mara ya kwanza nilisingizia kontena. Mara ya pili sikusingizia kitu, na hakuna aliyeniuliza.

Mwezi wa nne tangu msiba, mchicha wa boksi kubwa ulikuwa umenifika gotini. Jumapili hiyo bibi wa ghorofa ya saba alikuwa akivuna wake: anashika shina chini kabisa, anavuta mzima mzima, anakung'uta udongo, anafunga fungu. Akaniashiria nami nivune, usije ukakomaa bure. Nikamfuata. Tuling'oa boksi zima. Nikaosha mafungu bombani, nikayapanga juu ya gazeti, mizizi yote myekundu ikielekea upande mmoja, nikasimama nikayatazama. Ilipendeza. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kuona kitu kikapendeza. Nikapiga picha, nikaandika "Mavuno, mama," nikatuma.

Hukumu haikuja. Bibi akashuka na mchicha wake. Nilikuwa bado nafagia udongo simu ya marehemu ilipoita, na sauti ile ilinishtua nikaipokea kabla sijaangalia. Ilikuwa ya video. Uso wa mama mkwe ulikuwa umejaa kioo chote.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawakaziani macho. Miaka yote ya ndoa nilimwamkia nikiwa nimeinamisha kichwa, naye akinijibu kanga yake imemfunika nusu ya uso. Nilikuwa sijui kwamba ana kidoti chini ya jicho, mahali palepale alipokuwa nacho binti yake. Nyuma yake alisimama shemeji, mkono mdomoni.

"Mwanangu hang'oi mboga," mama akasema, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nyumbani kwake mchicha unachumwa ncha, unachipua, unachumwa tena, tangu mvua za kwanza mpaka kiangazi. Anayeng'oa ni mtu anayehama. Mke wangu alichuma hivyo paani miaka sita, mara nyingi mimi nikiwa nimeketi hapo hapo na simu yangu, na sikuwahi hata siku moja kuangalia vidole vyake. Hilo liliniuma. Kati ya yote yaliyotokea, hilo ndilo la kwanza kuniuma.

"Baba," akaniita, "mwanangu yupo?"

Ningesema nini, na asingesikia? Alikuwa akinitazama kichwa tu, akingoja kiende juu na chini au kulia na kushoto. Nikakipeleka kulia na kushoto.

Hakupiga ukelele. Aligeuka pembeni, nadhani kwenye dirisha, kisha akanirudia.

"Lini?"

Nikanyoosha vidole vinne.

"Wiki?" Nikatikisa kichwa. "Miezi," akajijibu mwenyewe. Halafu akauliza, "Mmemzika wapi?"

Chini kulikuwa na kifuniko cha boksi la povu. Mfukoni nilikuwa na kalamu ya wino mzito ya ofisini. Nikapiga magoti nikaandika kwa herufi kubwa, kama ninavyoandika majina ya watu kwenye mizigo yao: HAKUZIKWA. ALICHOMWA. MAJIVU NINAYO MIMI. Nikakiinua mbele ya simu. Mama anasoma Biblia yake ya maandishi makubwa kila siku; alisoma kifuniko changu hivyo hivyo, kwa kidole, neno moja moja, kwa sauti. Alipofika kwenye majivu akalirudia. Shemeji akamgusa bega, "Mama, presha," mama akausukuma ule mkono.

Nilingoja laana. Nilikuwa tayari kwa laana, na nadhani niliitaka.

"Ni mzito?" akaniuliza.

Nimeishi kwa kilo. Nipe boksi la nguo nilinyanyue mara moja, nitakwambia uzito wake na nitakosea kidogo sana. Uzito huu sikuujua. Siku ya kumchukua, rafiki yangu ndiye aliyembeba katika chombo cha majivu, ndiye aliyemweka juu ya kabati chumbani kwetu, na tangu siku hiyo sikuwa nimemgusa. Mama alikuwa anangoja jibu. Nikashuka ngazi simu ikiwa mkononi, yeye akiona kuta, viatu vya watu milangoni, mlango wetu. Nikaiegemeza simu kwenye mto, nikapanda kiti, nikamshusha.

Nikageuka mbele ya kioo cha simu nikiwa nimemshika kwa mikono yote miwili. Nilitaka kumwonyesha mama kwamba ni mzito kiasi, si sana, na sikujua kichwa kinasemaje kitu kama hicho. Nikakaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda, na simu nikaivuta nikaisimamisha mbele yangu. Nilikuwa nalia, na nilijua nalia kwa sababu shati lilikuwa limelowa.

Mama hakuangalia chombo. Aliangalia mikono yangu.

"Anabebeka," akasema. "Basi usimpakie kwenye mizigo yako, baba. Mpakate mpaka hapa."

Nikaangalia chini. Nilikuwa nimeshampakata.