Bima ya Watu Wawili

Tangu Agosti Ardis Tveit alikuwa na uvimbe kwapani, mkono wa kushoto, mdogo kama njegere, na hakuwa amemwambia mtu. Bima ya afya hakuwa nayo. Ilikwenda na mumewe Orrin alipofariki miaka mitatu iliyopita. Na huku kwetu Minnesota, kuingia hospitali bila bima ni kuiweka rehani karakana yako na nyumba juu yake. Basi akawa anajigusa, anaacha, anajigusa tena, mpaka theluji ya kwanza ikaanguka na simu za wateja zikaanza kulia.

Karakana yake ilitengeneza mashine za kusukuma theluji. Fundi alikuwa mmoja tu, Verlyn Aasen, mwanamume wa miaka hamsini na minane, mrefu, mpole mpaka anaudhi. Akikanyagwa yeye, yeye ndiye anayeomba radhi.

Njia za kupata bima zilikuwa mbili. Ya kwanza ni soko la bima la serikali, ambako mtu hujinunulia mwenyewe kwenye kompyuta, na mwenye kipato kidogo hupunguziwa bei. Orrin alikuwa akilitukana soko lile mpaka povu linamtoka, na Ardis aliona kulifungua ni kumsaliti marehemu. Ya pili ni Milo Kvam, dalali wa bima, aliyelibeba jeneza la Orrin upande wa mbele. Mtu kama huyo unamwambiaje hapana?

"Nitakupa ile ya biashara," Milo alimwambia. "Ila sharti muwe wawili. Peke yako kampuni haikutaki. Mtie na Verlyn."

"Verlyn anayo yake, ya soko la serikali."

"Si ataiacha! Wewe unamlipia nusu, nani anakataa cha bure? Lakini karatasi nizione Ijumaa, ama bima ya Januari usahau."

Ardis akazitia karatasi ndani ya kadi ya Krismasi, akafunga na utepe mwekundu. Jumanne asubuhi alimkabidhi Verlyn kwenye meza ya kazi. Verlyn alisoma taratibu, masikio yakimwiva.

"Ardis, umefanya jambo kubwa. Wala hukuwa na haja."

"Imekufaa?"

"Sina neno."

Akatia sahihi.

Hapo ndipo palipoharibika. Kwa watu wa huku, "sina neno" inaweza kuwa furaha na inaweza kuwa msiba. Mpe mtu kahawa, ataikataa mara tatu hata kama koo limemkauka, ya nne ndiyo ataipokea. Ardis alizaliwa humohumo, aliijua kanuni hiyo kama anavyolijua jina lake, na bado aliuliza mara moja tu. Mara moja ilimtosha, kwa sababu jibu lilimfaa yeye.

Alhamisi alikuwa amekwisha vaa koti ampelekee Milo karatasi, aliposikia Verlyn akizungumza na hospitali kwenye simu nyuma ya rafu za vipuri.

"Hapana dada, sijahama. Bima mpya haimlipii daktari wangu. Ndiyo, ifute miadi ya Februari. Mwambie namshukuru sana, moyo bado unadunda."

Ardis akatoka bila kuaga. Aliendesha gari hadi ofisi ya Milo, akaupita mlango bila kusimama, akazunguka ziwa, akarudi, akapita tena. Miaka miwili nyuma Verlyn alikosekana wiki tano kwa "mambo ya kifua", na mjini hapakuwa na aliyeuliza zaidi, kwa adabu. Alikuwa na hasira naye kwa kunyamaza na aibu kwa nafsi yake, na kidole kilikuwa kwapani tena. Akizipeleka karatasi, Jumatatu anapiga simu hospitali. Asipozipeleka, je? Mzunguko wa tatu wa ziwa ulimrudisha karakana.

"Verlyn, bima hii inakufaa?"

"Nzuri tu."

"Inakufaa?"

"Mbona uliniuliza juzi?"

"Inakufaa, Verlyn?"

"Sina neno, Ardis."

"Nakuuliza ya nne. Inakufaa?"

Verlyn akaweka spana chini. "Daktari wangu wa sasa ndiye aliyenifungua kifua. Watatu kabla yake walisema ni gesi. Sasa ukinipa bima ya kazini, punguzo la serikali linakatika, na bila punguzo siwezi kumlipa."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa umefunga utepe."

Ardis alizichana karatasi, kisha akampigia Milo kabla hajapoa. "Hatuitaki, Milo." Hakuongeza labda wala samahani, na kwa mtu wa huku hilo ni sawa na kofi.

"Orrin angesemaje?"

"Orrin amekufa, Milo."

Akakata simu. Verlyn alikuwa akiokota vipande vya karatasi sakafuni, kimoja kimoja.

"Na wewe ulikuwa unaikimbilia nini hivyo?" akauliza. "Unaumwa?"

"Mtu anatakiwa awe na bima, basi."

Verlyn akafuta grisi mikononi, akakaa mbele ya kompyuta ya ofisini, akafungua soko la serikali. Akamvutia Ardis kiti.

"Ukijaza kabla ya kesho, Januari umo. Wala halihitaji watu wawili. Unaumwa, Ardis?"

"Mashine kumi na moja zinakungoja huko, nenda."

"Unaumwa?"

"Verlyn, acha bwana. Sina neno."

Simu ikalia. Ikalia mpaka ikakata, na hakuna aliyeinuka. Verlyn alimtazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka kumi na sita ya kazi.

"Unaumwa, Ardis?"

Ardis akavua koti, akanyanyua mkono wa kushoto.

"Hapa," akasema.