Boriti Tuliyoificha kwa Lipu

Wiki ile mvua ilinyesha Rumonge hadi samaki wa ziwani nao walitamani mwavuli. Tulikuwa tunajenga ghala la mafuta ya mawese, na dari yake ya zege ilikuwa na siku kumi tu tangu imwagwe, bado iko juu ya miti iliyoishikilia. Shefu wa shantie, msimamizi wetu wa ujenzi, mtu mwenye sauti ya kuzima injini ya boti, akawatuma mafundi wawili waingie chini, waanze kuing'oa ile miti.

"Siku kumi inatosha," alisema. "Ni vile tunafanyaka siku zote."

Kweli, ndivyo tulivyofanya kwenye jengo la Gitaza mwaka uliotangulia, kwenye mvua kama ile, kabla shefu huyu hajaja. Boriti ilishuka ikapasuka. Mimi, mtunza stoo mwenye cheti cha shule ya jioni kinachoning'inia juu ya picha ya harusi yangu, ndiye niliyekoroga lipu ya kuziba ufa kabla injinia hajafika. Fundi aliyeipaka aliachishwa kazi. Kampuni ya patron wetu ilikuwa hivyo: jengo likiisha, watu hutawanywa, na waliyojifunza wanaondoka nayo. Nilibaki mimi peke yangu ninayejua. Nikisema, kazi sina.

Fundi wa kwanza akang'oa mti mmoja. Dari ikalia kidogo, kama mtu anayealisha vidole. Jasho langu lingejaza mapipa matatu.

"Shefu," nikasema, "Gitaza boriti ilipasuka hivi hivi. Zege ilikuwa bado mbichi. Tukaificha."

"Nani aliificha?"

"Mimi, na lipu ya patron."

Shefu akawageukia mafundi. "Mutoke," aliwaambia wale wawili, polepole, kana kwamba dari ingemsikia. Walipotoka, akaingia mwenyewe, akausimamisha ule mti na kuukaza kwa kabari. Sisi tulishika pumzi karne nzima.

Alirudi akanitazama. "Na hawa wangekufa, ungekuja matangani kula wali?"

Sikuwa na mzaha wowote, jambo ambalo hata mke wangu haamini.

"Shefu," fundi mmoja akasema, "hata Nyanza-Lac ngazi ilipasuka. Tulipaka lipu vilevile."

Shefu akaketi juu ya mfuko wa saruji. "Lete daftari la stoo. Andika nyufa zote zilizofichwa. Anza na wako."

"Litaenda kwa patron?"

"Kesho."

"Na jina langu?"

"Na jina lako."

Nikaandika.