Gauni Juu ya Gauni

Leo sokoni nimemwona mama mmoja amevaa magauni mawili juani, na tangu nirudi nyumbani siwezi kutulia.

Nilikuwa mdogo, tukiishi mtaa wa Hamugembe. Mchana ule nyumba ilinuka dagaa wa kuuza wa mama. Wanawake wa kikundi cha mikopo walikuwa wanakuja kumtazama, maana bila wao kumdhamini asingepata mtaji. Mama akavaa gauni juu ya gauni. Nikadhani anasikia baridi. Sikujua kwamba miaka ile ya Ukimwi, mjane aliyekonda watu waliogopa kumdhamini.

Wakaketi. Mama akawapitishia punje za kahawa za kutafuna, heshima ya mgeni kwetu, jasho likimtiririka. Nikamhurumia.

"Mama, si uvue gauni la ndani? Joto!"

 Nikasikia nzi tu kwenye dagaa. Mama akawasogezea tena kisahani cha kahawa, na hakuna aliyechukua.

Mama Koku, mwenyekiti wao, akachukua punje mbili, akatafuna.

"Waitu, ndugu zangu, mmenyamazia nini? Huyu namdhamini mimi."

Wakati wa kuondoka aliniinamia mlangoni, akafunua kola yake kidogo. Chini yake kulikuwa na gauni jingine.