Nilivyomsomea Mdogo Wangu Karata ya Kifo

Mdogo wangu wa kike alikuwa akifanya usafi wa vyumba katika loji moja ya watalii hapa Mikumi. Jumamosi moja alitoka kazini akaja moja kwa moja kwangu, akaniamkia, akakaa ukingoni mwa kiti kama mgeni. Nilikuwa nasahihisha madaftari. Akatoa mkobani karata moja, ya zile ambazo Wazungu hupigia ramli na kuziita taroti. Mtalii mmoja alimwambia achague, akachagua, na mwenyewe akamwachia.

Ilikuwa karata ya Kifo. Mifupa mitupu imevaa deraya, imepanda farasi mweupe; mfalme kalala chini ya kwato, na mtoto anatazama tu. Akaniuliza, "Kaka, wewe umesoma. Hii ina maana gani?"

Ningemuuliza kwa nini imemtisha, huenda nisingekuwa naandika haya. Lakini mimi ni mwalimu, tena nilisoma seminari, ambako padri mmoja alitufundisha habari za Wastoiki, wanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Nikaweka kalamu chini. Kusema kweli nilifurahi, maana tangu nianze kazi hakuna aliyewahi kuniuliza jambo la namna hiyo. Nikamwambia kwamba Wastoiki waligawa mambo mafungu mawili: yaliyo mikononi mwetu na yasiyo mikononi mwetu. Kifo kiko fungu la pili. Nikamwonyesha mfalme: taji limemwanguka, kumbe halikuwa lake. Nikamwonyesha mtoto: haogopi, kwa sababu hajafundishwa kuogopa. Nilisema vizuri sana siku ile, Mungu anisamehe. Alinisikiliza mkono mmoja ameukunja kifuani, akashukuru, akaaga. Nikarudi kwenye madaftari nikijiona bingwa.

Nyumbani kwetu, kaka na dada wakishapevuka hawazungumzii mwili. Hata alipojifungua niliambiwa tu kwamba yuko salama. Kwa hiyo uvimbe wa titi asingeweza kuuleta kwa kaka yake na kuutaja. Alileta karata, na mimi nikaisoma karata.

Nilikuja kujua masika yalipokwisha, aliposhindwa kuinua mkono kutandika vitanda na mwenzake wa kazini akampeleka hospitali. Daktari aliniita pembeni, akasema angekuja mapema ingekuwa habari nyingine, sasa watajaribu. Nilipandwa na hasira, nikataka kumtupia ile methali ya mficha maradhi. Ndipo nikaikumbuka Jumamosi ile. Hakuficha. Tena kwenda hospitali kulikuwa katika fungu la kwanza kabisa, mikononi mwake, na fungu hilo mimi nililitaja kwa jina tu nikalipita mbio.

Mdogo wangu alinituma jambo moja: nikamwambie mama alichosema daktari, maana mimi ndiye mwenye maneno. Nikapanda basi hadi Kilosa, na njia nzima nilikuwa nikipanga nitakavyoanza. Mama nilimkuta Magomeni ya pale Kilosa, barazani kwake, anachambua maharage. Nikamwamkia, nikaulizia mvua, nikaulizia kuku wake. Kutamka neno titi mbele ya mama kulinishinda, mtu mzima na ndevu zangu. Mwishowe nikasema tu kwamba mdogo wangu anaumwa.

"Najua," mama akasema. "Aliniambia tangu wakati wa kupalilia. Nikamwambia twende hospitali. Akasema kaka ameshamwambia, yasiyo mikononi mwetu tuyaache."

Nikamuuliza, kwa ukali ambao sikupaswa kuwa nao, kwa nini hakunipigia simu.

Hakuinua uso. Alitoa jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa uani.

"Ningekuuliza nini, baba? Wewe ndiye tuliyekusomesha ili utuambie."