Jenerali wa Ufaransa Niliyemfanya Kaporali

Mi sikusoma sana, lakini kofia ya jenerali niliishona kwa mikono yangu, na kule Kapata, mtaani kwetu, hakuna asiyeijua. Wakati wa Wabelgiji, sisi batu ba mgodi tulikuwa na vyama vya ngoma ya Jumapili, kila chama na gavana wake, daktari wake, jenerali wake, vyeo vya kuiga wazungu. Jenerali nilikuwa mi: medali kumi na moja, zote za vizibo vya bia. Sheria yetu ilisema jenerali akiaibika uwanjani, kofia inakwenda kwa naibu. Na naibu wangu, fundi wa baiskeli, alikuwa ameshaijaribu kichwani mara tatu nikiwa kazini.

Jumapili moja wazungu walikuja kutazama. Mzee mmoja, kaptula imepauka, kifuani hana hata kifungo cha kung'aa, akaja kusimama katikati ya mstari wangu. Nikamkaripia kwa Kifaransa changu kizuri: "We kaporali, nyuma!"

Akarudi nyuma. Injeniere wa mgodi aliyemleta akaja mbio, uso mwekundu. "Unajua huyu ni nani? Ni jenerali wa kweli, wa Ufaransa!"

Naibu akanyoosha mkono. "Leta kofia, tata. Umekwisha."

Mzee akauliza kuna nini. Nikamweleza yote, kisha nikamuuliza, maana mi siogopi mtu: jenerali gani hana medali?

Akacheka. Wajerumani walipoiteka nchi yake, alisema, alizifukia medali chini ya banda la kuku, akajiunga na wale waliopigana kwa kujificha. Akauza kabichi sokoni, na barua za siri zilikuwa ndani ya kabichi.

"Siku moja askari wao alinipiga teke: 'Toka njiani, mzee!' Nilifurahi! Angenipigia saluti, ningekufa." Akamgeukia naibu. "Hata Wajerumani hawakunijua. Jenerali wako ameaibika wapi?"

"Wajerumani hawana sheria yetu ya kofia," naibu akajibu, mkono bado umenyooka.

Basi mzee akaenda mwisho wa mstari, akakaza miguu, akanipigia saluti. "Kaporali yuko tayari, jenerali wangu!"

Bamama wakapiga vigelegele. Naibu akaurudisha mkono mfukoni, ngoma ikalia.

Nilitaka kumpandisha cheo mzee yule, kweli. Lakini alicheza kama mtu aliyekanyaga siafu. Akarudi kwao kaporali vilevile, na kofia ninayo mpaka leo.